Trekta Ndogo na Mama Mkwe Asiyetazamwa

Siku yangu ya kwanza garajini sikugusa usukani. Nilifika na kombinezoni, ovaroli mpya iliyonipwaya, na viatu vyenye chuma kidoleni, na moyoni nilikuwa dereva tayari, maana nyumbani nilikwisha kujisifu kwa kila mtu. Msimamizi wetu, tuliyemwita kontremetre, alinipeleka mbele ya trekta ndogo nyekundu akanisimamisha pale juani.

“Weye, jina?”

“Kabeya, shefu.”

“Sitwayen Kabeya, unajua kuendesha?”

“Ndiyo, shefu, muzuri kabisa.”

“Bon. Leo hautaendesha. Leo uko mutu ya mikono.”

Miaka ile ya Zaire sote tulikuwa sitwayen, yaani raia, kuanzia mfagiaji hadi mkurugenzi, kwa hiyo neno hilo halikunitisha. Kilichonitisha ni hiyo mikono. Mtu wa mikono ni yule anayesimama karibu na mzigo kumwonyesha dereva la kufanya. Dereva aliyeketi juu haoni chini ya mzigo, na injini ikinguruma hasikii hata akiitwa na malaika. Kidole kikipanda, inua. Kiganja kikitazama chini, teremsha, polepole. Ngumi, shikilia hapo hapo. Na mikono miwili ikipishana juu ya kichwa, simama, usiulize sababu.

“Dereva anaangalia mikono ya mutu moja tu,” kontremetre aliniambia. “Moja, haiko babili. Babili wakionyesha, utaua mutu. Lakini ‘simama’ inaweza toka kwa kila mutu. Hata mulevi akipishanisha mikono kwa barabara, simama. Utamutukana kisha.”

Nilifanya kazi ya mikono msimu mzima wa mvua kabla ya kupewa kiti. Nilinung'unika, lakini siku nilipopanda nilijua tayari dereva anahitaji kuonyeshwa nini. Vijana wa leo mnaanzia kitini, ndiyo sababu mnagonga kuta.

Mtasema, trekta kwenye mgodi wa shaba inalima nini? Hailimi kitu. Mgodini Kolwezi, Kampuni yetu ya shaba ilikuwa na makamiyo makubwa, malori ambayo gurudumu moja tu lilimpita mtu mzima kimo. Lakini lile jitu utaliingiza wapi ndani ya karakana, katikati ya mafundi na meza zao? Pampu ikiharibika, mota ya umeme ikiungua, gurudumu la kebo likihitajika upande wa pili, aliyeitwa ni sisi. Trekta yetu ilipita kwenye mlango wa mtu mmoja mnene. Nyuma ilikuwa na mikono mitatu ya chuma, miwili ya chini inayopandishwa na mafuta, na mmoja wa juu wa kushikilia. Hapo tulifunga nguzo fupi yenye ndoano, nasi tukawa na kreni yetu. Mbele tulitundika vyuma vizito, kwa sababu mzigo wa nyuma unainua pua ya trekta, na magurudumu ya mbele yakiacha ardhi, usukani unaushika bure, hauongozi kitu.

Sasa niwaambie juu ya Mwambuyi, maana kazi yangu na mwanamke huyo haviachani.

Nilimwoa Kanku, binti wa kambi yetu ya wafanyakazi, pale Dilala, mtaa wa Kolwezi. Kanku ni pacha. Kaka yake aliyemtangulia kutoka tumboni ni Mbuyi, na kwetu sisi watu wa Kasai mama wa mapacha anapewa jina la heshima, Mwambuyi. Alikuwa mjane. Alfajiri alikaanga mikate ya mafuta, kisha akaiuza kwenye lango la garaji letu. Binti yake alimtakia karani mwenye abakosti, ile suti ya Kizaire isiyo na tai, iliyopigwa pasi. Akaletewa mimi, nikinuka mafuta ya mashine.

Na kwetu, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani. Hawali pamoja, hawapeani mkono, wakikutana njiani mmoja anaingia kwenye majani. Si chuki, ni heshima, ni bundu, ile haya inayolinda nyumba. Mikate yake niliinunua kwa mkono wa mwenzangu. Nikipita langoni niligeuza uso upande wa barabara, na nilizoea hivyo mpaka shingo ikageuka yenyewe. Nyumba yake na yetu zilishikana, na maneno yake yalinifikia kupitia ukuta, akimwambia Kanku kwa sauti ya kunifikia na mimi.

“Kanku, wenziwe iko naendesha bintu kubwa kama nyumba. Bwana yako anaendesha kapanya!”

Jirani wakacheka, na tangu siku ile trekta yangu ikaitwa Kapanya, yaani panya mdogo, hata na kontremetre. Mimi nilicheka mdomoni tu. Ukweli ni kwamba iliniuma. Nilitamani yule mama aseme siku moja, hata kwa ukuta, kwamba binti yake hakupotea. Nilikuwa na mke mwema, watoto, kazi. Neno hilo moja ndilo lililokosekana.

Baada ya karakana nilitumwa Fungurume, kwenye kazi za barabara. Wakati ule hapakuwa na mji mnaouona leo. Palikuwa na vilima, stesheni, na udongo mwekundu ambao mvua ikinyesha unameza makamiyo. Mkubwa wetu pale, shefu wa shantie, yaani wa eneo la ujenzi, alikuwa mtu mfupi, mwenye hasira ya haraka na moyo mzuri. Asubuhi moja tulikuta kamiyo ya Tata Ramazani imezama mpaka kwenye ekseli. Tata Ramazani alikuwa mchukuzi, Mwislamu kutoka Maniema, aliyesafirisha kila kitu, kuanzia chumvi hadi vitanda vya maharusi. Aliizunguka Kapanya akiwa ameshika kiuno.

“Bwana we, haka katoto ndiko kanivute miye?”

“Haka haka, tata.”

Akachukua mnyororo mwenyewe akataka kuufunga juu, nyuma ya kiti changu, aone vizuri. Shefu alimpigia kelele mpaka ndege wakaruka.

“Unataka kuniulia mutu? Kamata chini! Chini kabisa!”

Jamani, hilo likamateni na nyinyi. Mnyororo ukifungwa juu ya ekseli ya nyuma, trekta ikivuta kitu kisichotaka kuja, haivuti mbele. Inapanda juu na kumwangukia dereva kwa mgongo. Ukifungwa chini, kwenye chuma cha kukokotea, kadiri mzigo unavyokataa ndivyo magurudumu yanavyokandamiza ardhi. Tulifunga chini, tukachimba njia mbele ya matairi, tukatandika matawi, nikaweka gia ya kwanza bila haraka. Kamiyo ikatoka ikilia kama ng'ombe. Tata Ramazani aliniombea dua, akanipa samaki wakavu, na kila aliposimama sokoni alisimulia habari zangu akiziongeza chumvi yake.

Habari zikafika Dilala kabla yangu. Niliporudi likizoni nilitega sikio ukutani. Mwambuyi akasema, “Kanku, nasikia kapanya kamevuta tembo.” Kisha akaendelea kutwanga. Usiku ule nilimuuliza mke wangu: hiyo ilikuwa sifa au dhihaka? Akasema, “Lala, Kabeya.”

Nilitumwa pia Kapanga, upande wa Musumba, kusaidia kutengeneza madaraja ya miti. Injinia wa barabara alikuwa kijana mpole aliyependa kuuliza, nasi tulielewana. Kule nilijifunza magogo. Usikokote gogo likiwa limelala, litakulimia barabara uliyotumwa kuitengeneza. Inua kichwa chake tu, kidogo, mkia ubaki chini, litakufuata kwa adabu. Wazee wa Musumba walikuja na viti vyao kutazama, wakapeana ushauri kwa Kilunda, na mara nyingi ushauri wenyewe ulikuwa mzuri. Pale nilinenepa kwa mihogo yao.

Niliporudishwa Kolwezi nilikuta Mwambuyi ameamua jambo. Jasho lake lote la mikate, tangu alipofiwa, alilitia kwenye mashine ya kusaga mahindi, yenye injini ya mazuti, yaani dizeli, na kitako cha chuma cha kuvunja mgongo. Mbuyi, shemeji yangu, alikuwa ameshajenga kibanda cha matofali nyuma ya nyumba na kumwaga msingi wa sementi wenye boliti nne zilizosimama. Mashine ilikuwa inakuja kutoka Lubumbashi kwa kamiyo ya Tata Ramazani. Iliyobaki ni kuitoa kwenye kamiyo, kuipitisha uani, na kuiketisha juu ya boliti zile. Ikianguka ikapasuka, basi mama huyu anarudi kwenye karai la mafuta akiwa mzee, na atakayekuwa ameivunja ataitwa nani maisha yote?

Mbuyi alisema wamtafute dereva mwingine, asiye wa ukoo, ili desturi isituletee shida. Jibu lilipita ukutani:

“Hapana. Kapanya tu.”

Nilidhani ni ubahili. Hata hivyo nilienda kwa shefu wa garaji, maana Jumamosi baada ya kazi mfanyakazi aliweza kuazimwa trekta kwa shughuli ya nyumbani. Akanitazama. “Kwa mama mukwe? Kabeya, unatafuta kifo.” Kisha akanipa ufunguo.

Kuitoa kwenye kamiyo kulikwenda vizuri. Tuliegemeza magogo ya mkaratusi, tukaitelemsha mashine huku Kapanya ikiishikilia kwa mnyororo isikimbie. Tuliivuta uani juu ya mbao zilizopakwa sabuni. Watoto wa mtaa waliimba. Mwambuyi alikuwa amesimama kwenye mlango wa kibanda, kitenge kimemfunika kichwa na nusu ya uso, amenipa ubavu kama inavyotakiwa. Nami nilikaa nimegeuza shingo nyuma, upande wa kulia, nimwone Mbuyi peke yake, kwa sababu yeye ndiye alikuwa mtu wa mikono. Kushoto, palipokuwa na mlango, sikuthubutu kutazama. Kazi iliniambia niangalie mikono ya mtu mmoja, na desturi iliniambia nisimwone mwingine. Siku ile nilidhani zimekubaliana.

Mashine ilipanda. Kamba ya chuma ilizunguka kitako, na kila pembe niliweka kipande cha tairi kuukuu, kwa sababu pembe ya chuma ikikutana na kamba bila mpira katikati, inaikata uzi mmoja mmoja. Niliirudisha Kapanya kinyumenyume ndani ya kibanda, kupitia upande ambao Mbuyi aliuacha wazi, mpaka mzigo ukawa juu ya msingi. Mbuyi alionyesha: inua kidogo tena, boliti inagusa. Alikuwa amesogea sana, mguu mmoja juu ya sementi, anachungulia matundu chini ya mzigo. Nilitaka kumfukuza pale, lakini injini ilinguruma, naye alikuwa ameinama.

Hapo kitu cha rangi kikaingia kwenye macho yangu. Mwambuyi. Aliingia ndani kabisa, akapita kati ya ukuta na gurudumu, akasimama mbele ya uso wangu. Kitenge kilikuwa kimeanguka. Alinitazama machoni, sawasawa, na akapishanisha mikono juu ya kichwa.

Mamu wee! Macho yalitaka kukimbia kama yalivyozoea, lakini mkono wangu ulikuwa umeshasimamisha kila kitu. Sikuuamuru mimi, ni kontremetre aliyekuwa bado ndani ya mkono ule. Mwambuyi alimshika mwanawe ukosi akamvuta nyuma, mtu mzima wa watu, kisha akanigeukia tena. Kiganja chini. Polepole. Nikateremsha, nikimtazama yeye, usoni, mara ya kwanza maishani mwangu. Mzigo ulipokuwa umebakiza kimo cha sufuria kufika kwenye sementi, kamba ya upande wa kushoto ikakatika kwa kishindo, na mashine ikaketi kwa tako, imepinda lakini nzima. Kipande cha tairi kilikuwa kimechomoka upande wa mlango. Ni yeye tu aliyekuwa mahali pa kuona nyuzi zikikatika. Na pale mguu wa Mbuyi ulipokuwa, sementi ilikuwa imemeguka.

Nilizima injini. Mwambuyi aliokota kitenge chake, akajifunika, akatoka nje mbio kama msichana.

Jumapili baada ya misa ukoo ulikutana kwa baba mdogo wa Kanku. Mama mkwe na mkwe wametazamana hadharani; jambo kama hilo haliachwi hivi hivi. Kwetu, aliyevuka kwanza analeta mbuzi, bundu inaondolewa, na tangu hapo hao wawili wanaweza kuketi pamoja. Mimi nilikaa upande huu, Mwambuyi upande ule, amenipa mgongo.

“Nani alianza kuangalia mwenziwe?” baba mdogo yule, mzee wa ukoo, akauliza.

Nilikuwa nimejitayarisha. “Ni mi, tata. Mi ndio niko na macho ya mubaya. Mbuzi nitaleta.”

“Anadanganya,” Mwambuyi akasema bila kugeuka. “Ni mi.”

“Mama, siku ile ulikuwa unaokoa mutoto yako, hakuna mutu atakulaumu...” mzee akaanza.

“Haiko siku ile.” Akakaza kitenge kichwani. “Tangu niko nauzisha mikate pa mulango ya garaji, mi iko naangalia. Kila siku. Nilitaka kujua mutu aliyeoa mutoto yangu iko nafanya kazi namna gani. Niliona anainua, niliona anashusha. Niliona anakatala bakubwa wapite chini ya muzigo. Mikono yote ile naijua. Unazania sababu gani nilisema Kapanya tu? Mbuzi iko yangu.”

Nilitazama chini. Machozi yalinitoka mbele ya mashemeji zangu wote, wala sikuyafuta. Miaka yote ile niligeuza shingo, nikidhani napita bila kuonekana, kumbe nilikuwa natazamwa na mtu aliyenihesabia kila mzigo nilioinua. Kanku alicheka huku akilia. Mzee naye alijitahidi kukaza uso, akashindwa.

“Mwambuyi, kwa miaka yote ile mbuzi moja haitoshe!”

Alileta wawili. Tulikula pamoja, bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya mihogo na nyama ile, na aibu ilikuwa nyingi kuliko chakula; kila mmoja alimega tonge dogo kama mgeni. Mwishowe akasukuma sahani ya nyama kwangu akasema, “Kula, mukwe. Iko na mifupa kama trakteri yako.” Nikala.

Baada ya hapo niliendesha miaka mingi. Kapanya ilichoka, ikaja nyingine ya bluu, nayo ikaitwa Kapanya vile vile. Nilifundisha wengi kazi ya mikono, na hakuna aliyepanda kitini kabla ya kusimama juani kwanza. Miaka mibaya iliyokuja, ya watu wetu wa Kasai kufukuzwa na kulala stesheni na mizigo yao wakingoja treni, siiandiki hapa. Inahitaji moyo mwingine na karatasi nyingine. Sisi tulibaki. Nilipostaafu, shefu wa mwisho, kijana niliyempita umri mbali, alinipa mkono mbele ya mafundi wote, akasema, “Tata Kabeya, hakuna mutu aliumia chini ya muzigo yako.” Nilimjibu kwamba si mzigo wangu, ni wa wote walioonyesha mikono. Walipiga makofi, tukanywa, nikarudi nyumbani kwa miguu nikiwa na furaha.

Sasa asubuhi zangu ni ndefu. Majirani hunijia wakitaka ushauri wa kuvuta tangi au kuinua paa, nami nawaambia yale yale: kamateni chini, wekeni mpira kwenye pembe, angalieni mtu mmoja. Mashine ya kusaga anaisimamia Mbuyi. Mwambuyi anaishi kwetu. Ugonjwa wa macho ulimwanza taratibu, na sasa haoni kabisa, hata mwanga wa dirisha. Uji wake napeleka mimi, Kanku akiwa sokoni. Naketi mbele yake, kwenye kigoda, na yeye ananyoosha mkono kutafuta uso wangu, kipaji, pua, kidevu, mpaka ajue nimeelekea wapi.

“Mukwe, usigeuke,” ananiambia. “Mi macho imekwisha. Angalia weye, kwa ajili ya sisi babili.”

Namwangalia mpaka uji unapoa.